Jumamosi namwaga oili: niendelee na 5W-30 au nihamie 20W-50?

Mwendo_Pole
Wakuu, habari za humu. Jumamosi namwaga oili na mpaka sasa sijaamua niweke ipi. Miaka yote naweka 5W-30 sinthetiki. Tatizo siku hizi gari imeanza kula oili, kabla ya sevisi nyingine kufika nakuwa nimeshaongeza mara mbili. Fundi wangu anasema injini ikizeeka inataka oili nzito, niweke 20W-50 itatulia. Jirani yangu, naye mtu wa magari sana, anasema nikiweka hiyo nimeiua injini. Kuna wa tatu kaniambia 10W-40, nikae katikati. Walioshazijaribu, ipi imewafaa? Nataka ninunue kabla ya Jumamosi.

Spana14
Gari gani? Injini gani? Imetembea kilometa ngapi? Hizo mara mbili unaongeza kiasi gani? Moshi upo? Wa rangi gani, na unatoka saa ngapi: ukiwasha, ukikanyaga mafuta, au muda wote? Unamwaga kila kilometa ngapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Gia_ya_Tano
20W-50 mkuu, nunua ulale. Gari langu la kwanza nilikaa nalo miaka 11 na sikuwahi kuweka kitu kingine. Nimeliuza kichwa hakijafunguliwa hata siku moja. Hizi oili nyepesi kama maji zililetwa ili gari libane mafuta, habari ya kuilinda injini ilikuja baadaye.

Nahodha_wa_Lami
Gia_ya_Tano, hilo gari lilikuwa la kabureta au la sindano? Lina VVT, yaani mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka na kufunga? Tusichanganye injini za vizazi viwili.

Injini yenye VVT hutumia presha ya oili hiyo hiyo kusogeza pembe ya kamshafti, ule mtaimbo unaofungua valvu. Oili inapita kwenye kichujio cha wavu kidogo kuliko kucha ya kidole gumba, halafu inaingia kwenye vijitundu vya valvu ya kuiongoza. Aliyechora injini ile alishapiga hesabu ya uzito wa oili itakayopita pale.

Na watu wengi wanazisoma vibaya zile namba. Ile yenye W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, W ni ya winta. Ya pili inaeleza uzito wake ikishafika nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kiwango cha SAE J300, oili ya 30 kwenye joto hilo iko kati ya 9.3 na 12.5 (wanapima kwa milimita za mraba kwa sekunde), ya 40 ni 12.5 mpaka 16.3, ya 50 ni 16.3 mpaka 21.9. Kwa hiyo ukitoka 30 kwenda 50 unaweza kuwa umeongeza uzito karibu mara mbili injini ikiwa ya moto. Hiyo si "nzito kidogo".

Gia_ya_Tano
Injini iliyolika ina nafasi kubwa kati ya chuma na chuma. Oili nyepesi inapita tu. Hilo halihitaji desimali.

Nahodha_wa_Lami
Kama kweli imelika. Nani kapima?

Mwendo_Pole
Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Ni Toyota, injini 1NZ-FE, gia otomatiki. Dashibodi inasoma 187,000. Niliinunua ikiwa na 92,000, ya kabla ya hapo siyajui. Naongeza kama nusu lita kila mara. Moshi ni wa bluu, kidogo, asubuhi ninapowasha, baada ya dakika haupo. Barabarani sijauona. Namwaga kila 5,000, ingawa mara ya mwisho niliipeleka mpaka 7,000.

Spana14
Sasa tunaweza kuzungumza.

Hiyo injini inabeba lita 3.7 ukibadili na filta. Wewe unapoteza kama lita moja kwa kilometa 5,000 mpaka 7,000. Ni jambo la kufuatilia, lakini si msiba. Baadhi ya watengenezaji wanaandika kwenye vitabu vyao kwamba mpaka lita 1 kwa kilometa 1,000 bado iko ndani ya kikomo.

Moshi wa bluu asubuhi tu, kisha unakwisha: mimi nashuku sili za valvu. Usiku oili inachuruzika taratibu kupitia shina la valvu, inakusanyika, ukiwasha inaungua. Ringi za pistoni zikichoka moshi unautafuta kwenye kioo cha nyuma ukiwa unapanda mlima au umekanyaga mafuta. Mpira wa sili uliokauka hauponi kwa kuwekewa oili nzito. Pengine matone yatapungua, basi.

Ila kabla ya yote angalia PCV. Ni kivalvu kidogo kwenye kava la valvu, kinavuta mvuke wa oili na kuurudisha kwenye njia ya hewa uungue. Kikiganda, presha inajaa ndani ya injini na oili inatafuta pa kutokea. Kitoe, kitikise karibu na sikio. Kizima kinalia kachakacha. Halafu pulizia kwa mdomo kupitia kipande cha mpira: upande unaokaa kwenye injini hewa ipite vizuri, upande wa pili ipite kwa shida. Kikiwa kimya, tupa.

Dada_Stendi
Kaka Mwendo_Pole, umeandika "namwaga". Unamwaga mwenyewe nyumbani au unapeleka gereji? Nauliza kwa sababu mimi swali lako nililipasua kichwa wiki mbili nzima, nikasoma kila kitu, nikanunua oili bora kuliko zote nilizoweza kupata. Injini ilikufa siku hiyo hiyo.

Nitasimulia yote, maana kosa lenyewe ni dogo sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya peke yangu. Niliiwasha injini dakika tano oili ilainike, nikazima, nikapiga jeki, nikaweka stendi mbili, nikalitikisa gari kuhakikisha limekaa. Bolti ya sampo, lile karai la oili chini ya injini, ikatoka bila shida. Filta ndiyo ilikuwa imekazwa na mtu mwenye hasira, nikaipata kwa spana ya mkanda, oili ikanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikachukua filta mpya, nikapaka oili kwenye mpira wake kama kitabu kinavyosema, nikaifunga kwa mkono, mpira ulipogusa nikaongeza robo tatu ya mzunguko. Nikajaza, nikawasha, nikainama na tochi: pakavu. Nikafurahi kweli.

Nikatoka kuijaribu. Kama kilometa tatu hivi, kwenye kona, taa ya oili ikawaka ikazimika. Nikadhani oili imelala upande mmoja kwa sababu ya kona. Nikaendelea. Mbele kidogo ikawaka tena, na safari hii haikuzimika, lakini pale palikuwa pabaya pa kusimama, magari yananifuata, nikasema nifike pale mbele. Kufika pale mbele injini ilikuwa inagonga, mlio wa nyundo juu ya ndoo. Nilipozima na kushuka nikaona mstari mweusi barabarani unarudi nyuma hadi nilikotoka.

Kumbe mpira wa filta ya zamani ulibaki umeng'ang'ania kwenye injini. Nilifunga mpya juu yake. Injini ikiwa haina kazi mipira miwili iliweza kuizuia oili, nilipoongeza mwendo presha ikapanda, mmoja ukateleza nje. Beringi za konrodi zilikuwa zimekwanguka mpaka kuonyesha shaba.

Kwa hiyo 5W-30 au 20W-50, vyovyote utakavyoamua, filta ya zamani ikitoka igeuze uutazame mpira wake. Upo? Kisha pitisha kidole pale kwenye injini inapokaa, zunguka duara lote, chuma kitupu. Na taa ya oili ikiwaka, zima hapo hapo, hata kama ni katikati ya daraja. Washa taa za tahadhari, watakupita.

Kijana_wa_Sampo
Pole sana dada. Mimi namwaga nyumbani miaka minne na sijawahi kuuangalia huo mpira hata mara moja. Nashuka sasa hivi na tochi.

Gia_ya_Tano
Pole dada. Ndiyo maana mimi nasema kazi ya fundi mwachie fundi.

Dada_Stendi
Hapana, kaka. Bado nabadilisha mwenyewe na sitaacha. Mpira unaobaki juu unaweza kumpita fundi pia, tofauti ni kwamba kwenye gari langu mimi nimeshajua pa kupitisha kidole.

Nahodha_wa_Lami
Naongezea: bolti ya sampo isikazwe kwa bomba refu. Nyuzi zikiliwa unatafuta sampo nyingine. Na ile washa, pete ndogo inayokaa chini ya kichwa cha bolti, ni ya mara moja, weka mpya.

Kijana_wa_Sampo
Nimerudi, mpira ni mmoja. Swali: kabla ya kumwaga, asiisafishe injini kwanza? Nimesikia watu wanaweka dizeli kidogo kwenye oili, wanaiacha injini ikilia dakika kumi, wanamwaga.

Gia_ya_Tano
Inasaidia sana, utaona uchafu unaotoka.

Nahodha_wa_Lami
Uchafu unaotoka unauona. Uliobanduka ukabaki huuoni. Kwenye gari la 187,000 ambalo nusu ya maisha yake hatuijui, tope likibanduka vipande vipande linaenda kwenye wavu wa pampu, kule chini kabisa ya sampo. Pampu ikikosa kuvuta, tunarudi kwenye taa ya Dada_Stendi. Na dizeli haina nguvu ya kubeba mzigo kwenye beringi. Kama unaogopa tope, mwaga mapema, kila 3,000 mara mbili tatu, oili nzuri iliyo na sabuni yake itasafisha polepole. Oili kuwa nyeusi mapema si ubaya, maana yake inabeba uchafu.

Spana14
Mwendo_Pole, ukiwa dukani usisome namba za uzito tu. Geuza chupa utafute alama ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga oili kwa madaraja ya ubora, herufi mbili mbili. SP ilianza 2020, SN 2010. 20W-50 nyingi za bei ya chini utakuta zimeandikwa SF au SG. API wenyewe wanasema SF haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1988. Kwa hiyo swali lako lilikuwa na upande huu pia: mtu anaweza kudhani anachagua nzito dhidi ya nyepesi, kumbe anachagua ya kizazi kipya dhidi ya ya kizazi cha wazazi wetu. Mimi nikiwa wewe, 5W-30 SP, PCV mpya, halafu pima kwa kilometa 1,000.

Nahodha_wa_Lami
Mimi nisingemkataza 10W-40 ya SP kama PCV haitasaidia.

Gia_ya_Tano
Mtazunguka na mtafika kwenye 20W-50.

Mwendo_Pole
Wakuu, mrejesho wa Jumamosi. PCV nimeitoa, nimeitikisa: kimya kabisa, ndani imejaa ugando wa rangi ya kahawia kama asali iliyoganda. Nimeweka mpya. Mpira wa filta ya zamani ulitoka na filta yake, nimepitisha kidole mara mbili, asante sana dada. Oili niliyoweka ni 5W-30 SP, lakini fundi wangu amekasirika na ninaona huenda ana hoja, kwa hiyo 10W-40 bado iko kichwani. Nimeandika kilometa na nimeipiga picha stiki ya kupimia oili gari likiwa mahali tambarare. Leo asubuhi moshi ulitoka, sijui kama umepungua au macho yangu yanataka upungue.

Sasa niko chini ya gari na jambo lingine. Oili ya gia sijawahi kuibadilisha tangu ninunue. Kuna wanaosema ukiimwaga kwenye gia iliyozeeka, gia inaanza kuteleza. Niiache?

Gia_ya_Tano
Usiiguse kabisa.

Nahodha_wa_Lami
Si kweli kwamba oili mpya inaharibu gia. Zile zinazokufa baada ya kumwagwa nyingi zilikuwa zimeshaanza kuteleza, mtu akabadilisha akitumaini itapona. Vuta stiki ya gia, futa kwenye karatasi nyeupe, utwambie ni nyekundu, kahawia au nyeusi, na kama inanuka kuungua. Na usiweke ATF (oili ya gia otomatiki) yoyote ile, soma iliyoandikwa kwenye stiki yenyewe.

Kijana_wa_Sampo
Yangu haina stiki ya gia kabisa. Ndio imekuwaje?