Kadi za picha: anatoa pale tu mkono ukinyooshwa

Mwl_Kitengo
Wenzangu wa vitengo vya usonji, naomba msaada. Mtoto wa miaka 5, bado haongei, yuko wiki ya tatu ya kadi za picha. Kadi 8 zimebandikwa ukutani. Akiulizwa "unataka nini?" na mkono ukanyooshwa mbele yake, anabandua kadi na kuitoa. Bila mkono anasubiri tu, au anamshika mtu kiganja na kukipeleka kwenye kopo. Tena hutoa kadi ya choo huku anataka juisi. Turekebishe wapi?

TibaLugha
Mwalimu, mkono wako ndio umekuwa kengele. Alichojifunza ni kwamba kiganja kikifunguka, aweke kadi. Kwamba yeye ndiye wa kuanza, bado hajui. Ndiyo maana PECS, utaratibu wa kubadilishana picha ulioanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Marekani mwaka 1985, huanza na watu wazima wawili. Wa mbele ashike biskuti na akae kimya. Wa nyuma asimguse mpaka mtoto aifuate biskuti kwa mkono. Hapo amwongoze kuokota kadi, kuipeleka, kuiachia. Kiganja cha wa mbele kifunguke kadi ikiwa tayari njiani. Biskuti itolewe papo hapo na itajwe: "Biskuti!" Kipande kiwe kama ukucha, la sivyo atashiba kabla hajarudia mara tano. Msaada wa nyuma upunguzeni kuanzia mwisho: kwanza kuachia, kisha kupeleka, kuokota baadaye.

Swali "unataka nini?" liacheni kwa sasa. Kwenye PECS huja hatua ya 5. Likitangulia, mtoto huzoea kungoja aulizwe.

Kadi_na_Mkasi
Kadi ya choo hiyo si ukaidi. Kutofautisha picha hakujafundishwa. Ondoa zote, ibaki moja. Akishaweza kumfuata mtu na kadi, weka mbili: kitu anachokipenda sana na asichokitaka, mfano soksi. Akitoa soksi, mpe soksi, bila kusema "hapana". Akiikataa, mwonyeshe kadi sahihi, aitoe, mfanyishe jambo dogo jingine, kisha arudie.

Ukutani si mahali pake: akiwa uwanjani hana sauti. Tumia faili gumu analoweza kubeba. Kadi ya sentimita 5 kwa 5, picha ya kopo lenyewe iliyopigwa kwa simu juu ya kitambaa cheupe. Velkro (utepe wa kubandika na kubandua) laini nyuma ya kadi zote, ya kukwaruza kwenye faili. Ukichanganya, nyingine hazitashika. Chapa nakala mbili, maana zitatafunwa.

Mwl_Kitengo
Nashukuru sana. Nyumbani mama yake yuko peke yake. Afanyeje?

TibaLugha
Mkubwa wa nyumbani, hata dada au binamu, akae nyuma dakika kumi wakati wa chai. Akikosekana, mama asianzishe hatua ya 1, ile ya watu wazima wawili, peke yake. Aendeleze ile ambayo mtoto ameshaiweza shuleni. Asogee nyuma nusu hatua, kesho hatua nzima, baadaye ageuze mgongo, ili mtoto amtafute na kumgusa. Hapo ndipo mawasiliano yanapoanza kwa kweli, picha inapomtafuta mtu. Na juisi ikiisha, kadi isifichwe. Ihamishiwe ukurasa wa "leo hakuna", aione ilipo.