Mrejesho: pawabenki ya wati 20 badala ya wati 10

Habari za siku, ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kama kuna haja ya kuongeza pesa ninunue pawabenki inayochaji haraka, au ile ya kawaida ya wati 10 inatosha. Mimi ni wa bodaboda hapa Kampala. Simu inashinda na ramani na data, na ninakopanga umeme hukatika unavyotaka.

Asanteni sana. Nilimfuata yule aliyesema nisitazame simu tu, nitazame pawabenki yenyewe inajaa kwa muda gani. Hapo ndipo penye faida. Ya zamani, ya mAh 10,000 (yaani kiasi cha chaji inachobeba), ilitaka saa tano hivi. Umeme ukirudi kwa saa mbili tu usiku, naamka haijafika hata nusu. Hii mpya, ya ukubwa uleule, hujaa kwa saa tatu au pungufu.

Ila wiki ya kwanza sikuona tofauti, nikajua nimepigwa. Kumbe bado natumia chaja na waya wa zamani! Nilipopata chaja ya PD, yaani ya mfumo wa kuchaji haraka, na waya wa USB-C, mambo yakanyooka. Hiyo gharama nayo muihesabu, mie sikuihesabu.

Nilipokwama: simu yangu haipokei zaidi ya wati 10, kwa hiyo yenyewe inajaa polepole vilevile. Na aliyeniambia kasi itaniongezea chaji, hapana ndugu yangu. Simu ya mAh 5,000 naijaza mara moja na kidogo, basi.