Maji ya moto ya kweli: Chemka au Natron? Tunatokea Arusha na Noah

Mdau_Njiro
Wakuu, habari za jioni. Tuko watu wazima wanne na watoto wawili, miaka 6 na 9. Usafiri ni Noah. Nyumbani kura zimegawanyika: wengine Chemka, wengine Ziwa Natron chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Wapi maji ni ya moto kweli, na wapi Noah inafika bila kuacha sampo (bakuli la oili chini ya injini) njiani? Tuna Jumamosi na Jumapili tu.

Boma_Njiapanda
Mkuu, jina linapoteza wengi. Chemka (Kikuletwa) hata ikiitwa Maji Moto, maji yake ni vuguvugu. Yale "yanachemka" kwa maana ya kububujika. Ni maji ya Kilimanjaro yaliyozama kwenye miamba ya volkano kule juu, yakatembea chini ya ardhi na kuibukia huku tambarare. Maji ya namna hiyo hayafuati msimu: mwezi wa 7 Moshi ikiwa na baridi utayaona ya uvuguvugu mzuri, mwezi wa 1 jua likiwaka utasema yametoka kwenye friji. Joto ni lile lile, kilichobadilika ni ngozi yako.

Kwa Noah na watoto, nendeni huko. Shika barabara ya Moshi hadi Boma Ng'ombe (angalia vibao vya 50, tochi za trafiki za kupima mwendo haziishi), kisha kata kulia kuelekea Rundugai. Kutoka lami ni kilomita kumi na kitu za vumbi na mawimbi. Funga vioo, weka AC izungushe hewa ya ndani, na usikimbize ukidhani utaruka juu ya mawimbi. Noah iliyojaa watu sita itapiga chini. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, piga simu kwa mtu wa Boma kabla ya kuondoka. Udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni, na gari isiyo na foo-wili inageuka mzigo wa kusukuma.

Fika kabla ya saa 4 asubuhi. Baada ya hapo, hasa Jumapili, mabasi ya wanafunzi na makundi ya muziki yanaingia, matope ya chini yanatibuliwa na ule ubuluu unaoonekana kwenye picha unakwisha. Bebeni pesa taslimu na kitambulisho, maana kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni.

Wasio na gari: daladala hadi Boma, halafu bajaji au boda. Patana bei ya kwenda na kurudi kwa pamoja na umalizie malipo ukirudi, la sivyo jioni utatajiwa bei mpya.

Lengai_Dereva
Ukitaka maji ya moto kweli, ni Natron. Ila siyo kwa Noah, na siyo na mtoto wa miaka 6 kwa siku mbili.

Arusha hadi Mto wa Mbu ni lami, kama kilomita 115. Jaza tenki pale. Kuanzia hapo hadi Engare Sero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, kupitia Engaruka ni zaidi ya kilomita 100, kuna mawe ya volkano yanayochana tairi ubavuni, pale ambapo hapazibiki. Spea mbili, jeki inayofanya kazi, na maji lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Njiani kuna mageti ya halmashauri, kila moja na ada yake. Tunza risiti zote.

Chemchemi ziko pembeni ya ziwa na maji yake yana magadi. Usiingie na kidonda wala ngozi iliyotoka kunyolewa, na ukitoka jisuuze kwa maji baridi. Ukoko mweupe usiukanyage bila mwenyeji: juu unaonekana mgumu kama sakafu, chini ni tope linalounguza. Nenda alfajiri. Saa 6 mchana bonde lile halina huruma.

Wanaowaza kupanda mlima Lengai (mita 2,962) huanza karibu na saa 6 usiku ili washuke kabla jua halijakolea. Hiyo ni safari nyingine kabisa.

MamaKijenge
Nyongeza ndogo: maji ya chemchemi za ukanda wetu msiwape watoto wanywe hata yakionekana safi kama kioo. Floraidi ni nyingi huku, na meno ya kahawia ya Arusha kila mtu anayajua. Kunywa maji ya chupa.

Mdau_Njiro
Asanteni sana. Basi Chemka. Mtoto wangu mkubwa ameona video za ile kamba ya kurukia majini kule Chemka, anajua kuogelea kiasi. Aruke?

Boma_Njiapanda
Hapana, labda akiwa na jaketi la kuelea na mtu mzima akiwa tayari majini. Kamba inamtaka mtu aachie ikiwa imefika mbali kabisa. Watoto huogopa, wanaachia ikiwa inarudi, na wanaangukia pembeni kwenye mizizi ya mikuyu iliyo chini ya maji. Katikati ni kina cha kumzamisha mtu mzima, na usitegemee kuna mwokoaji. Kodi tyubu, kaa naye upande wa mizizi mipana ambako samaki wadogo wanadonoa miguu. Huko atacheka mpaka achoke. Na mvalishe viatu vya mpira, mizizi ile ina utelezi kuliko inavyoonekana.