Tupeane uzoefu: kutoka kwenye shaka hadi imani na amani ya moyo, nini hasa husaidia?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kuna swali linarudi kila mara kwa maneno tofauti: mtu anataka kuamini, anasoma Biblia, anasali, lakini ndani yake kuna sauti inayouliza, "na kama si kweli?" Majibu anayopewa ni "omba tu" au "huyo ni shetani", na yote mawili humwacha palepale alipokuwa. Naomba wanaosindikiza watu katika safari hii, walimu wa katekisimu, viongozi wa vikundi vya Biblia, wachungaji na wazee wa kanisa, waweke hapa wanachofanya hatua kwa hatua, na wapi mambo huharibika. Shuhuda zetu binafsi tuziwekee uzi wake. Hapa tuandike kinachoweza kufuatwa na mtu aliyeko gizani leo.

Kisima

Ahsante mleta mada. Kabla ya kutoa jibu lolote, jua ni shaka ya namna gani, kwa sababu dawa ya moja huweza kuidhuru nyingine. Maswali mawili yanatosha kuanzia. La kwanza: hii ilianza lini, na maishani kulikuwa kunatokea nini wakati huo? La pili: swali lako likijibiwa leo ukaridhika kabisa, utaamini? Mtu akinyamaza kisha akasema "hapana", basi swali analouliza silo linalomzuia.

Wengi wanaosema hawaamini tena Mungu yupo, ukiwasikiliza vizuri wanasema wamezika mtoto, au wameumizwa na mtu aliyekuwa anahubiri upendo. Huyo ukimletea hoja za kuthibitisha uwepo wa Mungu unamwongezea jeraha. Anahitaji kusikilizwa, kuombolezewa, na kama aliyemuumiza ni kiongozi, aambiwe wazi kwamba lile lilikuwa dhambi, na kanisa lilishughulikie. Mwingine shaka yake ni ya akili kweli, amekutana na hoja na hana jibu. Huyo naye ukimwambia "amini tu" anahitimisha kwamba jibu halipo. Wapo pia ambao kuna jambo hawataki kuliacha, wanajua Injili itawadai. Hao ni wachache kuliko tunavyodhani, tusianze kwa kumtuhumu kila mtu.

Mwanga wa Asubuhi

Niongezee kwa wenye maswali ya akili. Kosa kubwa ni kuyabeba yote kwa mkupuo: umri wa dunia, dini nyingine, mateso, vita vya Agano la Kale, miujiza. Hakuna atakayeyamaliza kwa pamoja, na kila anapojibu moja mengine kumi yanapiga kelele. Chukua daftari. Andika kila swali peke yake, kwa sentensi moja. Kisha uyapange kwa uzito, siyo kwa kelele zake.

La kwanza liwe lile ambalo Paulo mwenyewe aliliweka mbele katika 1 Wakorintho 15:14, kwamba kama Kristo hakufufuka imani yetu ni bure. Barua ile iliandikwa katikati ya miaka ya 50 BK, kama miaka ishirini na kitu baada ya msalaba. Mstari wa 3 hadi wa 8 Paulo anasema anawapa kile alichopokea, kisha anataja mashahidi: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara (mitume kumi na wawili), ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa hai bado, na Yakobo. Isome pamoja na Wagalatia 1:18-19, ambapo anaeleza kwamba alikaa na Kefa siku 15 huko Yerusalemu na kumwona Yakobo, ndugu yake Bwana. Halafu nenda Yohana 7:5, uone kwamba ndugu zake Yesu hapo mwanzo hawakumwamini. Jiulize ni nini kilimgeuza Yakobo. Kwamba Yesu aliuawa chini ya Pontio Pilato hata Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, alilitaja mwanzoni mwa karne ya 2.

Hoja hizi hazimlazimishi mtu kuamini. Zinaondoa ile dhana kwamba ni hadithi iliyotungwa karne nyingi baadaye, na hapo moyo unapata nafasi ya kusikiliza. Maswali mengine yapewe zamu zao. Yapo yatakayobaki bila jibu maisha yote, na Kumbukumbu la Torati 29:29 inatupa ruhusa ya kuishi nayo.

Jambo moja dogo: usifanye kazi hii usiku wa manane ukiwa umechoka, ukiruka kutoka mdahalo mmoja hadi mwingine kwenye simu. Nusu saa mchana, ukiwa na kalamu mkononi, inafaa kuliko saa nne za namna hiyo.

Zaburi ya Jioni

Mimi nashika upande wa sala. Mwenye shaka huwa anaacha kusali mpaka awe na hakika, na hapo ndipo anapokauka kabisa. Asali na shaka yake. Yule baba wa Marko 9:24 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa. Hakuambiwa arudi akiwa amejiweka sawa. Hata Yohana Mbatizaji akiwa gerezani alituma watu wamuulize Yesu kama kweli ndiye yule aliyetazamiwa kuja (Mathayo 11), na hakukemewa. Alipeleka swali kwa mhusika mwenyewe.

Namna ya kufanya: soma Marko yote, sura 16, kwa kikao kimoja au viwili. Kwa sauti inachukua kama saa moja na nusu. Usisome mstari mmoja mmoja kama anayetafuta ujumbe wa siku. Lengo ni kumwona Yesu mzima. Baada ya hapo, dakika kumi kila siku, saa ileile, mahali palepale. Tumia Zaburi 13 kama kiunzi. Ina mistari sita tu: miwili ya kwanza ni malalamiko ("Ee Bwana, hata lini"), miwili ni maombi, miwili ya mwisho ni tumaini. Andika yako kwa mpangilio huo. Ukifika kwenye tumaini ukaona maneno hayatoki, usidanganye. Ishia kwenye ombi. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia.

Kisha Wafilipi 4:6-7. Angalia kinachoahidiwa pale. Haja zako unamjulisha Mungu, pamoja na kushukuru, na amani inahifadhi moyo na nia yako. Paulo hakusema kwamba utapewa ulichoomba ndipo utulie. Watu wengi wanaikosa amani hii kwa sababu wanaitafuta kama risiti ya ombi lililojibiwa.

Shamba Jipya

Watumishi, mbona Yakobo 1:6 inasema mtu aombe kwa imani pasipo shaka yoyote? Hatuwafariji watu wabaki walipo?

Zaburi ya Jioni

Swali zuri, ndugu. Endelea mpaka mstari wa 8: anayekemewa ni mtu wa nia mbili, anayemwomba Mungu hekima huku akiwa hajaamua kama ataifuata. Anayelia "nisaidie" ameshaamua aende kwa nani. Na waraka wa Yuda, mstari wa 22, unaagiza walio na shaka wahurumiwe.

Kisima

Kuhusu hisia, hapa ndipo watu wengi wanaanguka. Mtu analia kwenye mkesha, anajisikia mwepesi, anasema ameamini. Wiki mbili baadaye hasikii kitu, anadhani imani imeondoka. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, tarehe 24 Mei 1738 jijini London aliandika kwamba moyo wake ulipata joto la ajabu. Katika shajara hiyohiyo anaeleza kwamba aliporudi nyumbani alishambuliwa na majaribu, yakaondoka, yakarudi tena na tena. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zinaonyesha miongo ya ukavu wa ndani, yaani kutouhisi uwepo wa Mungu, na aliendelea na sala na huduma.

Kanuni ya Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, inafaa kukaririwa: wakati wa ukavu usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na utulivu. Kama uliamua kusali dakika kumi, sali kumi. Usipunguze, na usijitwishe mfungo mpya kwa hofu.

Tabibu wa Zamu

Niweke la afya. Nabii Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), alipewa usingizi na chakula mara mbili kabla ya kusikia ile sauti ndogo ya utulivu. Anayekosa usingizi wiki kadhaa, hana hamu ya kula, anafikiria kujiua, amwone daktari sasa hivi, na asiachwe peke yake. Anayeungama dhambi ileile kila siku, au kurudia sala mara nyingi kwa hofu kwamba haikuwa kamili, huenda ana maradhi ya wasiwasi yanayotibika. Kumhakikishia mara mia kwamba amesamehewa humzidishia. Awe na mchungaji au padre mmoja tu wa kumsikiliza, pamoja na tabibu wa akili. Na anayetumia dawa asiziache kwa kuambiwa ni kukosa imani.

Mwanga wa Asubuhi

Kwa msindikizaji: Luka 24 ndiyo njia. Yesu alitembea na wale wanafunzi wawili waliokuwa njiani kwenda Emau, akauliza "Mambo gani?", akawaacha wamalize kueleza walichokuwa wametumaini, ndipo akafungua Maandiko. Kikao cha kwanza usifundishe. Mkiagana, pangeni siku ya kukutana tena.

Mwenye shaka naye asiondoke kwenye kundi. Tomaso hakuwapo mara ya kwanza Yesu mfufuka alipowatokea wanafunzi, lakini baada ya siku nane alikuwa ndani pamoja na wenzake waliokuwa wameamini, na hawakumfukuza.

Mtu akiuliza kama anaweza kubatizwa ilhali bado ana maswali, msimharakishe na msimzuie mpaka daftari liishe. Muulizeni kama anamtumaini Kristo na yuko tayari kumfuata. Mathayo 28:17 inasema waziwazi kwamba pale mlimani, wanafunzi walipomwona Yesu mfufuka, baadhi waliona shaka, na Yesu akawatuma wote.