Naomba ushauri: injini imesukwa upya, bado inakula oili

Wakuu, habari zenu. Gari yangu ina injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya cc 1497. Mwezi uliopita tuliishusha kwa sababu ya moshi wa bluu. Fundi akabadilisha ringi (pete za pistoni), beringi za konrodi, sili za valvu na gasketi ya hedi. Pistoni zikabaki zilezile. Silinda hazikupelekwa kuchongwa, yaani kupanuliwa kwa mashine. Alizipitishia msasa kwa mkono, akasema "hiyo inatosha", nami nikanyamaza maana hela ya mashine ilikuwa inaniuma.

Sasa nimetembea kilomita 900 na oili imepungua karibu lita nzima. Nikipanda mlima moshi unaongezeka. Haivuji popote. Tumepima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda): silinda ya 1, 2 na 4 zinasoma psi 175 hadi 180, ya 3 inasoma 125. Tulipoitia kijiko cha oili ikapanda hadi 165.

Je, niendelee kuitembeza ringi zikae (zishike vizuri kwenye ukuta wa silinda), au kwa namba hizo hazikai tena? Na nikifungua, naweza kuchonga hiyo moja tu na kuiwekea pistoni ya saizi kubwa, au lazima zote nne? Fundi anataka kuanza Jumamosi.