Naomba ushauri: mafuta ya ganda la korosho yanambabua mama mikono
Habari zenu wadau. Nipo Newala. Mama yangu anabangua korosho kwa mkono hapa nyumbani, na yale mafuta ya ganda yanambabua vidole: ngozi inakuwa nyeusi, inatoka malengelenge, kisha inachunika. Kabla ya kuanza hupaka majivu, kama alivyofundishwa na bibi. Glavu nilimnunulia, anasema zinateleza (na kweli, nimejaribu mwenyewe). Juzi tone lilimrukia karibu na jicho. Tuliosha kwa maji mengi, ila kope bado imevimba. Halafu kuna moshi wa kukaangia, anakohoa usiku kucha. Wabanguaji wenzetu, mnajikingaje? Na hilo jicho, linapona lenyewe au nimpeleke hospitali kesho asubuhi?