Gozo (Malta) Oktoba, siku 4: upande gani umetulia, na je, tukodi gari?

Kobe_Mwendapole aliandika:

Wakuu, habari za leo. Mimi na mke wangu tunakwenda Malta katikati ya Oktoba, viza za Schengen tunazo. Malta yenyewe tutapita tu, siku 4 zote tunataka tuzimalizie kisiwa chake cha Gozo. Kisiwa kidogo cha Comino na lile ziwa lake la buluu hatulitaki, watu wamejaa mno. Tunapenda kutembea kwa miguu, saa 3 hadi 4 kwa siku, na kuogelea ikiwezekana. Naomba kujua:
1. Tulale kijiji gani?
2. Basi linatosha au tukodi gari?
3. Njia zipi za miguu ni za uhakika, na za kuepuka ni zipi?
Mke wangu hali nguruwe, kwa hiyo na suala la chakula tafadhali.

Nahodha_Mstaafu:

Karibu mkuu. Naanza na usafiri, maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Toka uwanja wa ndege chukua basi X1 hadi Ċirkewwa, bandari ya feri za Gozo. Kaa tayari kwa saa moja na zaidi, foleni za Malta si mchezo. Feri ya magari inavuka kwa dakika 25, mchana na usiku. Ukienda hulipi kitu. Unalipa ukiwa unaondoka Gozo, chini kidogo ya euro 5 kwa abiria wa miguu. Kuna pia boti ya kasi toka Valletta, kama dakika 45, lakini hiyo haibebi magari na upepo ukichafuka ndiyo ya kwanza kusitishwa. Siku ya kurudi kama una ndege, usiitegemee.

Angalizo la ramani ya simu: bandari ya Gozo inaitwa Mġarr, na kisiwani Malta kuna kijiji kingine kinachoitwa hivyo hivyo. Rabat nayo ziko mbili. Ya Gozo ndiyo Victoria, mji mkuu. Hakikisha umeandika "Għawdex" (ndiyo Gozo kwa Kimalta) au "Gozo" mbele ya jina, la sivyo utajikuta katikati ya mashamba ya Malta na sanduku lako.

Gari: wanaendesha kushoto kama Tanzania na Kenya, hilo halitakusumbua. Kinachosumbua ni vichochoro vya mashambani vyenye kuta za mawe pande zote mbili, magari mawili hayapishani na mmoja lazima arudi nyuma. Chukua gari dogo kabisa. Kampuni nyingine hudai leseni ya kimataifa, ulizeni kabla. Mabasi yapo, lakini karibu yote yanaanzia na kuishia Victoria. Kutoka kijiji hadi kijiji jirani unalazimika kuingia mjini kwanza ubadilishe, na ukikosa moja unasubiri sana. Ushauri wangu: gari siku 2, miguu na basi siku 2.

Kulala: Għarb, San Lawrenz au Għasri, upande wa magharibi. Xlendi na Marsalforn ni miji ya mahoteli. Tafuteni nyumba ya zamani ya mkulima iliyokarabatiwa, zipo nyingi. Ila usichague iliyo jirani na kanisa kama usingizi wako ni mwepesi. Kengele zao hazina huruma.

binti_pwani:

Kaka Kobe, mimi naongezea la bahari. Sisi wa pwani tumezoea kupanga siku kwa maji kujaa na kupwa. Mediterania hilo lisahau, maji hupanda na kushuka sentimita chache tu, bamvua haina maana kule. Unachoangalia kila asubuhi ni upepo. Unaovuma mara nyingi ni wa kaskazini-magharibi, wanauita majjistral. Ukivuma huo, achana na Dwejra, pwani ya magharibi, na pwani ya kaskazini, nenda kusini na kusini-mashariki: Mġarr ix-Xini au Ħondoq ir-Rummien. Ukivuma wa kusini-mashariki, xlokk, geuza.

Hili ni muhimu hasa Wied il-Għasri. Ni mlango mwembamba wa bahari kati ya kuta mbili za mwamba, unashuka kwa ngazi hadi kwenye kokoto. Bahari ikiwa shwari ni bwawa. Upepo ukitoka kaskazini, wimbi linaingia halina pa kutawanyika, linapanda juu na kukurudisha kwa nguvu. Ukiona povu pale mdomoni, usiingie. Upepo unaopuliza kuelekea ufukweni huleta na yavuyavu.

Maji ya Oktoba bado yana joto, nyuzi 23 au 24. Bebeni viatu vya majini, pwani kubwa ni mwamba.

Mchora_Ramani:

Njia za miguu, kwa mpangilio ambao ningeufuata mimi:

Marsalforn – Xwejni – Wied il-Għasri. Kama kilomita 3 kwenda, tambarare. Njiani kuna majaruba ya chumvi yaliyochongwa kwenye jiwe laini la manjano. Usikanyage kingo zake: zinamomonyoka, na kuna familia ambazo bado zinavuna chumvi hapo kila kiangazi.

Xlendi – Sanap – Ta' Ċenċ – Mġarr ix-Xini. Nusu siku, na kwangu ndiyo bora kuliko zote. Majabali yanashuka zaidi ya mita 100 wima hadi baharini, hakuna uzio wala kivuli. Lita 2 za maji kwa kila mtu.

Ramla – San Blas, fukwe mbili jirani. Hapa ndipo penye mtego. Chini ya mwamba mgumu wa juu kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi wa rangi ya kijivu. Mvua inapenya mwambani, ikifika kwenye udongo inakwama na kutokea pembeni. Ndiyo maana mteremko unabaki utelezi hata jua likiwa limewaka siku nzima. Soli inashika donge hadi haina meno tena, na hapo unateleza. Kama imenyesha siku mbili zilizopita, shukeni San Blas kwa barabara ya saruji badala yake; ni kali sana lakini imara. Msipumzike chini ya mwamba pia, udongo ukihama mawe ya juu huporomoka.

Oktoba ni msimu wa kuwinda ndege. Mawe yaliyopakwa "RTO" yanaashiria eneo la mwindaji binafsi; bakini kwenye njia, na alfajiri msiingie vichakani. Katikati ya mwezi jua linatua karibu saa 12 na nusu jioni.

binti_pwani:

Chakula nimesahau. Ftira ya Gozo, mkate bapa wa tanuri wenye viazi na dagaa wa chumvi au jibini ya kondoo, inafaa. Ulizeni tu kama wameweka soseji. Pastizzi, vile vitafunwa vyao vya unga vya kuoka, ulizeni mafuta ya unga wake, wengine hutumia ya nguruwe. Kwenye matanuri ya Nadur pigeni simu asubuhi mwagize, jioni foleni ni ndefu.

Kobe_Mwendapole:

Asanteni sana wakuu. Għasri basi, na gari dogo. Ġgantija, yale mahekalu ya kale, tuiweke saa ngapi?

Nahodha_Mstaafu:

Mlango ukifunguliwa tu. Wageni wa kutwa toka Malta hufika kuanzia saa 4 asubuhi. Tiketi hiyo hiyo inaingiza na kinu cha upepo cha Ta' Kola, hapo hapo Xagħra, msiitupe.